Vanila iko na majani mingi bila maua? Ishushe, ikate ncha, iache isikie kiu



Katika mikutano ya wakulima wa vanila, ulizo moja linarudi kila mara: "Vanila yangu iko na miaka minne. Iko kijani, imepanda mpaka juu ya muti, lakini haitoi maua. Kosa liko wapi?"

Mara mingi kosa haliko kwa udongo wala kwa kamba uliyopanda. Mukulima aliiachilia vanila ipande vile inataka, nayo ikatumia nguvu yake yote kwa kupanda. Kwa mutu aliyengoja miaka 3 bila kuuza hata tunda moja, hiyo ni hasara kubwa. Lakini inaweza kutengenezwa, na kazi yenyewe haiombi dawa ya kununua.

Tabia ya vanila

Vanila ni jamaa ya orkide, yale maua ambayo watu wa mujini wanachunga ndani ya nyumba karibu na dirisha. Asili yake ni misitu ya Meksiko na inchi za jirani. Huko inapanda juu ya miti kutafuta mwangaza. Wakati inapanda, inafanya majani. Kamba ikipinda na kushuka, ncha ikikatwa, na kiangazi kikileta kiu kidogo, njo inaanza kutoa maua. Kazi yako ni kuisaidia ifikie hapo.

Mambo 4 ya kufanya mbele ya maua

1. Ishushe. Kamba ikifikia urefu wa mita 1 na nusu hivi, ipindishe polepole juu ya tawi la muti unaoishikilia, ining'inie. Usiipinde kwa nguvu, itavunjika. Ikifika chini, ondoa majani mawili au matatu karibu na ncha, lakini si kwenye ncha yenyewe. Laza sehemu hiyo ndani ya majani yaliyooza na kuifunika, kisha ncha irudie kupanda. Pale ulipofunika itatoa mizizi mipya. Kamba isipite pale mukono wako unaweza kufika, juu ya kila ua litakuomba ulishike.

2. Ipe mwangaza nusu. Kivuli kikizidi, vanila inakuwa ndefu na nyembamba, bila maua. Jua likizidi, majani yanakuwa ya manjano na kuungua. Kata matawi machache ya glirisidia au muti mwingine unaoishikilia, mpaka mwangaza na kivuli vikaribie kuwa sawa. Usiondoe matawi yote mara moja, jua la kiangazi litaichoma.

3. Kata ncha. Kwa kamba zilizokomaa na zinazoning'inia, kata sentimita 10 mpaka 15 za ncha, miezi 6 mpaka 8 mbele ya majira ya maua. Nguvu iliyokuwa inakwenda kwenye ncha itabaki kwenye vifundo, pale mashada ya maua yanatokea. Acha kamba zingine bila kukata, hizo ni za mwaka unaofuata. Tumia kisu chenye makali, na ukisafishe kwa alkoli au kwa moto mbele ya kwenda kwenye shina lingine, ili usibebe ugonjwa.

4. Iache isikie kiu. Wakati wa kiangazi cha mbele ya maua, usimwangilie mayi vanila iliyokomaa. Kiu ya wiki kadhaa ni alama kwake kwamba wakati wa kuzaa umefika. Lakini usiondoe majani makavu yanayofunika udongo. Mizizi ya vanila iko juujuu, ndani ya majani hayo na udongo wa juu kabisa, njo inakula humo. Juu ya hiyo, usipitishe jembe karibu na shina. Majani mabaya yang'oe kwa mukono. Mvua ikirudi, ongeza mbolea ya majani iliyooza vizuri, isiguse shina.

Ua la asubuhi moja

Maua yakitokea, kazi haijaisha. Kishada kimoja kinaweza kuwa na maua 15 mpaka 20, lakini yanafunguka moja moja, karibu moja kwa siku. Ua linafunguka asubuhi mapema na kufa siku ileile. Ndani yake kuna kifuniko chembamba kinachotenga unga wa kiume na sehemu ya kike, na huku kwetu wadudu hawafanyi kazi ya kuviunganisha. Mutu asipofika, ua linaanguka bure.

Namna ya kuunganisha kwa mukono iliyoenea duniani iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion. Aliyeigundua ni Edmond, mutoto mutumwa wa miaka 12, ambaye baadaye alipewa jina la Albius. Mpaka leo wakulima wanafuata njia yake:

– Fika shambani asubuhi, umalize mbele ya saa sita ya mchana.
– Chonga kijiti chembamba, sawa kile cha kuchokolea meno.
– Shika ua kwa nyuma na mukono wa kushoto, kisha pasua kwa kijiti ule mdomo unaozunguka katikati ya ua.
– Inua kile kifuniko kidogo kwa kijiti.
– Kwa kidole gumba, sukuma unga uguse sehemu ya kike. Bonyeza kidogo, umemaliza.

Ua likianguka kwa siku moja au mbili, halikushika. Likinyauka lakini likabaki pale, tunda limeanza.

Usiibebeshe muzigo

Kuunganisha kila ua ni kosa la tamaa. Matunda yatakuwa mafupi, shina litachoka, na mwaka unaofuata hautaona maua. Chagua maua 8 mpaka 10 kwa kila kishada, zaidi yale ya upande wa chini, ili matunda yaning'inie yakiwa yamenyooka. Yakishika, kata vifunguo vilivyobaki. Shina changa au dhaifu libebe vishada vichache tu. Kisha ngoja: tunda linafikia urefu wake kwa wiki 6 hivi, lakini linaomba karibu miezi 9 ili likomae.

Tufanye nini sasa?

Chagua mashina 5 yanayokataa kutoa maua, uyafanyie mambo yale 4. Mashina mengine 5 yaache vile yako. Andika tarehe ndani ya kaye, hesabu vishada, kisha lete hesabu yako kwenye mukutano. Hivyo kila mutu atajionea.

Na jambo la mwisho: maua yanaendelea kufunguka kwa wiki nyingi, nayo hayajui siku ya soko, matanga wala ugonjwa. Kila siku bila mutu shambani ni matunda yaliyopotea. Mupatane mapema, watu wawili au watatu majirani, kila mumoja ajue kuunganisha. Mwenzako akikosekana, wewe unapita kwake asubuhi, naye kesho atapita kwako.