Mchana Mzigo, Usiku Baridi: Ubebe Nini Uendapo Milimani?

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeyaelewa vyema maneno hayo ni kijana anayefungiwa shanta na jamaa zake ili akapande Mlima Longonot. Mama ametia sufuria mbili, baba ameongeza panga, na shangazi, kwa huruma zake, amesukumia kilo 3 za unga. Wote wanauona mzigo kuwa mwepesi kwa sababu hakuna hata mmoja wao atakayeubeba. La kusikitisha ni kwamba katika furushi lote hilo, huenda hamna chochote cha kumtenga kijana huyo na ardhi atakayoilalia.

Jambo hili si dogo. Kila likizo ifikapo, wanafunzi wengi wa Nakuru, Gilgil na Naivasha hufunga safari za miguu. Baadhi yao huwa wanatafuta Tuzo ya Rais, mpango ulioanzishwa nchini mwaka 1966 kwa kuiga ule wa Uingereza wa mwaka 1956. Anayetaka nishani ya shaba hulala nje usiku mmoja, wa fedha usiku 2, na wa dhahabu usiku 3. Wazazi aghalabu huuliza mtoto atakula nini. Ni wachache wanaouliza atalalia nini.

Jua la mchana katika Bonde la Ufa humdanganya mgeni. Mji wa Nakuru wenyewe uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa Menengai hufika mita 2,278, kilele cha Longonot mita 2,776, na msitu wa Eburru hukaribia mita 2,800. Kila upandapo mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Basi usiku ambapo mjini Nakuru kuna nyuzi 11, aliyelala juu Eburru ana nyuzi 5, na hapo hatujautia upepo katika hesabu. Isitoshe, shule hufungwa mwezi Aprili na Agosti, na miezi hiyo ndiyo Nakuru hupata mvua nyingi. Likizo na mvua huja pamoja.

ARDHI HAINA HURUMA

Watu wengi hudhani baridi hutoka juu, kwa hiyo hujifunika blanketi mbili na kulala juu ya turubai tupu. Walakini, mwili ukikandamiza blanketi au mfuko wa kulalia, ile hewa iliyokuwa ndani yake hutoka. Hewa hiyo ndiyo inayohifadhi joto. Ikishatoka, ardhi huunyonya mwili usiku kucha. Ndiyo maana kipande cha sponji chenye unene wa vidole viwili, kilichokatwa kikatosha kuanzia mabegani hadi magotini, kina faida kuliko blanketi ya pili. Bei yake ni nafuu na uzito wake si kitu. Tahadhari moja tu: sponji hunywa maji, kwa hiyo ifungwe ndani ya turubai unapotembea.

Baada ya sponji ndipo tuje kwenye kifuniko. Familia nyingi zina ile blanketi nzito ya Raymond, iliyopata jina lake kutokana na kiwanda cha Eldoret, na ambayo imewalea wanafunzi wengi wa mabweni. Ni blanketi nzuri, lakini humchosha mchukuzi. Mfuko wa kulalia ni mwepesi zaidi, na kwa mwenye subira hupatikana kwenye mitumba ya Gikomba au ya mtaani kwao. Ukiununua, soma kibandiko chake kwa makini. Mifuko mingi huandikwa viwango vitatu vya baridi. Kile cha chini kabisa ni cha kumwokoa mtu asife, wala si cha kumpa usingizi. Nunua kwa kuangalia kiwango cha juu, kile cha starehe.

Mifuko iliyojazwa manyoya ya ndege ni mepesi na ina joto sana, lakini ikilowa haina kazi. Iliyojazwa nyuzi za viwandani ni mizito kidogo, ila hustahimili unyevu. Kwa safari za Aprili, hiyo ya pili ndiyo bora.

Kanuni ni hiyo hiyo kwa nguo. Suruali ya jinzi na fulana ya pamba zikilowa hushika maji na kumtoa mtu joto mwilini. Sweta ya sufu, hata ikiwa kuukuu, huhifadhi joto ikiwa na unyevu. Weka kando soksi, fulana na kofia ya sufu kwa ajili ya kulalia tu, uzifunge zisipate tone la maji, na usizivae mchana hata ukishawishika vipi.

MZIGO WA MPAGAZI

Mwaka 1883 msafiri Joseph Thomson kutoka Skotilandi alipita Bonde la Ufa pamoja na misafara ya pwani, akapanda Longonot. Wapagazi wa enzi hizo walizoea kubeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, na juu yake kila mmoja akaongeza mkeka wake wa kulalia. Watu hao walijua kwamba mkeka si anasa. Lakini hata hivyo, kilo 30 si mzigo wa mtoto wa shule. Kipimo kinachotumika na wengi ni kwamba shanta isizidi robo ya uzito wa anayelibeba. Mwanafunzi wa kilo 48 asipite kilo 12, na kati ya hizo kilo 3 ni maji, kwa maana Longonot haina kijito wala bomba njiani.

Anayedhani kwamba safari ndefu ni ya matajiri na akumbuke habari za Emma Gatewood, nyanya wa Kimarekani. Mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 67, alitembea peke yake njia ya milima ya Appalachia, zaidi ya kilomita 3,000. Alivaa raba za kitambaa, akabeba mfuko alioushona mwenyewe, blanketi, na pazia la plastiki la bafuni la kujikinga mvua. Vitu vilikuwa vichache, lakini cha kuzuia mvua na cha kuleta joto vyote vilikuwemo.

HEMA AU DARASA?

Kulala ndani ya hema si lazima. Kundi likipata ruhusa ya kulala katika darasa au ukumbi wa kanisa, limepunguza kilo nyingi na limepata paa. Nyumba ya wageni mjini Gilgil au Naivasha pia si aibu. Mkiamua kupiga hema, tumieni kambi zinazotambulika, kama zile za Hell's Gate au iliyo langoni Longonot. Chupa za plastiki za kutupwa zilipigwa marufuku katika mbuga na misitu ya taifa tangu Juni 5, 2020, kwa hiyo bebeni chupa za kudumu.

Mahali pa kupiga hema ni jambo la kufa na kupona. Makorongo ya Hell's Gate yamewaua watu 7 mwezi Aprili 2012 na wengine 7 mwezi Septemba 2019, kila mara maji yakishuka ghafula. Mikasa hiyo ilitokea mchana, watu wakiwa macho. Je, aliyelala? Mvua inaweza kunyesha mbali nawe bila kukudondokea hata tone, na bado maji yake yakakufikia. Usilale korongoni hata kama mchanga wake ni laini kama godoro. Kando ya Ziwa Naivasha nako, viboko hutoka majini usiku kula nyasi, na hawazunguki hema lililo njiani mwao.

Kiongozi wa kundi ajue dalili za baridi iliyopita kiasi: mtu hutetemeka bila kukoma, hujikwaa, na ulimi huwa mzito kama wa mlevi. Mvueni nguo mbichi, mvisheni kavu, mlazeni juu ya sponji pamoja na mwenzake, na mkiona bado anaweza kumeza vizuri, mpeni chai yenye sukari. Akiacha kutetemeka huku akizidi kuchanganyikiwa, msidhani amepata nafuu. Hiyo ni hatari kubwa zaidi, na atafutiwe daktari mara moja.

Mwisho, mzazi, usingoje milima imfundishe mwanao. Wiki moja kabla ya safari, mwambie alale uani usiku mmoja kwa vitu vile vile alivyofunga, bila kuongeza hata shuka. Akiingia ndani saa nane za usiku akitetemeka, msimcheke. Toeni panga shantani, mtie sponji.