Usikubali haraka kuambiwa "mazabodi imekufa"!

Wiki hii tuweke pembeni habari za mitoko na mapenzi, maana nina kasheshe la kukusimulia. Kasheshe lenyewe ni kompyuta. Tena siyo ya kuandikia barua ya kuomba kazi, la hasha! Ni kompyuta ya kuchezea gemu, ambayo nimeiunda kwa mikono yangu hii hii, nyumbani kwetu, juu ya meza ya kulia chakula.

Kama na wewe unatamani mashine ya namna hiyo lakini mfuko umetoboka, kaa mkao wa kula. Na kama tayari unayo ila imelala chini ya kitanda kwa sababu fundi alisema imekufa, wewe ndiye ninayekutaka hasa. Soma mpaka mwisho kabla hujamuita mtu wa vyuma chakavu.

HELA YA KIKOBA

Basi bwana, mpango ulikuwa hivi. Mtaani kwetu vijana kibao wanapenda gemu, na wako tayari kutoa mia tano wacheze nusu saa. Nikapiga hesabu, nikaona hapa kuna dili. Tatizo lilikuwa mshiko. Nikamwendea mama. Akakubali kunikopea laki saba kwenye kikoba chao, kwa sharti kwamba marejesho ya kila mwezi natoa mimi.

"Baba, hizo ni hela za wanawake wenzangu," aliniambia. "Ukiniangusha, siku ya kikao sitajua pa kuuficha uso wangu."

Nikaingia Kariakoo. Mazabodi, yaani ule ubao mkubwa unaounganisha kila kitu, niliipata pamoja na prosesa ya Core i5-6500 na RAM mbili za GB 8 kila moja, vyote mtumba, kwa 260,000/=. Kadi ya grafiki GTX 1050 Ti, nayo mtumba, 190,000/=. Kioo cha inchi 22, 90,000/=. Diski ya SSD ya GB 240, 55,000/=. Pawasaplai mpya ndani ya boksi, 45,000/=. Kasha 30,000/=. Kibodi na kipanya 20,000/=. Jumla 690,000/=. Elfu kumi iliyobaki ikaishia kwenye bodaboda na soda.

Usicheke kwamba ni vitu vya zamani. Kweli prosesa hiyo ilitoka mwaka 2015 na kadi mwaka 2016. Lakini gemu la GTA V, ambalo lilitoka kwa kompyuta Aprili 2015, linapendekezewa RAM ya GB 8 na kadi yenye kumbukumbu ya GB 2. Mimi nina 16 na 4. Halafu kadi hiyo hailambi umeme mwingi, ni wati 75 tu.

Ila mjini shule. Ukienda kununua, angalia mambo haya. RAM ya DDR3 haiingii kwenye mazabodi ya DDR4, pengo lake limekaa pengine, kwa hiyo ukiona inagoma usiisukume kwa nguvu. Kadi nayo zipo za uongo, ambazo wajanja wamezibadilisha jina ndani kwa ndani. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako kisha mfungue programu ya bure inayoitwa GPU-Z. Tangu mwaka 2018 programu hiyo inazitambua kadi nyingi za NVIDIA za uongo na kuziandika wazi FAKE. Na ujue kabisa kwamba prosesa za umri huu hazimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, huku msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Cheza gemu, lakini mambo ya benki fanyia kwingine.

FENI ZINAZUNGUKA, KIOO GIZA

Jumamosi hiyo nilifunga kila kitu kuanzia asubuhi. Skurubu moja moja, waya mmoja mmoja. Wadogo zangu wamenizunguka kama wanasubiri mpira uanze. Jioni nikachomeka kwenye umeme, nikabonyeza kitufe.

Feni zikazunguka. Taa zikawaka. Shangwe nyumba nzima! Lakini kioo... giza. Tukasubiri dakika tano. Giza. Nikazima, nikawasha tena. Giza totoro.

Jumatatu nikaibeba mpaka kwa fundi mmoja mjini. Jamaa hakuishika hata dakika tatu. Aliiwasha, akatingisha kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Bro, mazabodi imekufa hii. Leta laki na nusu nikuwekee nyingine."

Laki na nusu! Nilihisi miguu inaisha nguvu. Mtu wa kwanza kumfikiria ni mama akiwa amekaa kwenye kikao cha kikoba. Nikamwambia fundi nitarudi, nikabeba mzigo wangu.

Njiani nikapita kwa mzee mmoja pale mtaani, fundi redio wa miaka mingi. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza yaliyonisibu. Kompyuta hajui, na alisema wazi kwamba hajui. Lakini aliniuliza swali moja: "Mjukuu wangu, huyo aliyesema imekufa, alipima nini?"

Nikabaki nimeduwaa. Hakupima kitu!

"Basi kaanze na umeme," akasema. "Fuata umeme unakoingia na unakofika. Halafu gusa kitu kimoja, uwashe uone. Ukigusa viwili kwa mpigo, hutajua kilichokuponya ni kipi."

KITU KIMOJA KIMOJA

Nyumbani nikaanza upya. Kwanza nikaangalia waya wa kioo. Hapa wengi hukosea: ukishaweka kadi ya grafiki, waya wa kioo unachomekwa kwenye kadi, siyo kwenye tundu la mazabodi. Wangu ulikuwa sawa.

Pili, nikachomoa kadi yenyewe. Prosesa ya i5-6500 ina uwezo wake mdogo wa kutoa picha, kwa hiyo mashine inaweza kuwaka bila kadi. Nikahamishia waya wa kioo kwenye mazabodi. Giza.

Tatu, nikatoa RAM zote mbili, nikafuta yale meno yake ya dhahabu kwa raba ya kufutia penseli, taratibu, nikarudisha moja peke yake mpaka ikalia "ta!" kila upande. Hiyo "ta" ni muhimu. RAM nyingi zinazosemwa ni mbovu zimekaa vibaya tu. Nikajaribu na ya pili. Giza.

Sasa nikafuata ushauri wa mzee, nikafuatilia waya za umeme kutoka kwenye pawasaplai. Waya mpana wenye matundu 24 umeingia. Waya wa diski umeingia. Halafu nikaona kichwa kimoja cha waya kimejificha nyuma ya kasha, kimekunjwa na kamba. Kina matundu manane. Nikakishika, nikatafuta makao yake. Juu kabisa kwenye kona ya mazabodi, karibu na prosesa, kuna tundu la manane, tupu kabisa!

Msomaji wangu, huo ndio waya wa umeme wa prosesa. Bila huo, feni zitazunguka na taa zitawaka, kwa sababu vyenyewe vinakula kwenye ule waya mpana. Lakini prosesa haina chakula, na bila prosesa hakuna picha. Nilichomeka, nikabonyeza kitufe.

Kioo kikawaka.

Nilipiga kelele mpaka mama akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani kuna nyoka. "Maiti" ya laki na nusu ilikuwa inadai waya mmoja tu, ambao nilikuwa nao ndani ya kasha siku zote.

KASHESHE LA PILI

Unadhani yaliishia hapo? Wapi! Siku ya pili wateja wa kwanza wamekaa, gemu limenoga, dakika ya kumi na tano, paa! Mashine ikajizima. Nikawasha. Dakika kumi, paa! Watoto wakadai mia tano zao, nami nikawarudishia.

Safari hii sikukimbilia kwa mtu. Kompyuta ikijizima ghafla katikati ya gemu, washukiwa wakubwa ni wawili, joto na umeme. Nikaweka programu ya bure inayoonyesha joto la prosesa, inaitwa HWiNFO. Nikaanzisha gemu huku natazama. Namba ikapanda: 80, 90, 97! Prosesa ikikaribia nyuzi 100 inapunguza kasi ili kujiokoa, na ikizidiwa kabisa mashine inazima.

Nikazima, nikachomoa kwenye umeme, nikafungua feni ya prosesa. Kule chini kuna pesti ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye chuma cha kupozea. Ya kwangu ilikuwa imekauka kama ugali wa juzi. Nikaisafisha kwa pamba na spiriti, nikanunua pesti mpya ya 5,000/=, nikaweka tone dogo kama punje ya njegere. Vumbi la feni nikalipuliza. Joto likashuka mpaka 68, tena katika joto letu hili la Dar.

Nikajua nimemaliza. Saa moja baadaye, paa!

Lakini sasa nilikuwa na jibu moja mkononi: namba ya joto ilikuwa 68 wakati inazima. Kwa hiyo siyo joto tena. Amebaki umeme. Kumbe mgonjwa mmoja alikuwa na maradhi mawili yenye dalili moja.

Nikasoma lebo ya pawasaplai yangu ya boksi. Juu imeandikwa kwa mbwembwe 500W. Lakini chini, kwenye mstari wa volti 12 ambao ndio unaolisha prosesa na kadi, imeandikwa ampea 16. Zidisha 12 kwa 16, unapata wati 192. Prosesa yangu inakula 65, kadi 75, hapo ni 140, bado mazabodi, diski na feni. Na zile za bei poa mara nyingi hazifikii hata hicho kilichoandikwa. Ilikuwa inakimbizwa mchakamchaka na pumzi haina.

Kabla ya kununua nyingine nikaazima ya jirani kwa usiku mmoja. Mashine ikaenda saa nne mfululizo bila kukohoa. Hapo ndipo nikauza raba zangu kali, nikanunua pawasaplai ya mtumba, nzito, yenye ampea 30 kwenye volti 12, kwa 60,000/=. Mpaka leo haijajizima tena.

USIJE UKAFA KWA SABABU YA GEMU

Hapa sifanyi utani. Ukifungua kompyuta, chomoa kwanza waya wa ukutani. Pawasaplai yenyewe usiifungue kamwe hata kama umeichomoa, ndani kuna vitu vinavyotunza umeme na vinaweza kukurusha. Kabla ya kushika RAM au kadi, gusa kwanza chuma kitupu cha kasha ili umeme wa mwilini utoke.

Na kama kasha lako linakupiga shoti ndogo ndogo ukiligusa, usizoee. Hiyo ni dalili kwamba huna ethi. Plagi zetu zina miguu mitatu, na ule mrefu wa juu ndio ethi. Ukitumia plagi ya miguu miwili, au soketi ambayo mguu wa juu haukufungwa waya, umeme unaovuja unakusubiri wewe. Mwite fundi umeme arekebishe. Pia kwa mtaa ambao umeme unapanda na kushuka, UPS au stebilaiza siyo anasa.

MAMA ANASEMAJE?

Marejesho ya miezi minne yameshakwenda kikobani bila kuchelewa hata siku moja. Imebaki miwili. Juzi mama alirudi kutoka kwenye kikao, akaweka mkoba chini, akauliza: "Baba, yule mwenyekiti wetu mwanawe ana kompyuta imekufa. Wameambiwa ni hiyo mazabodi yenu. Nimwambie ailete?"

Nikamjibu ailete, lakini kwanza nikamuuliza swali la yule mzee: huyo aliyesema imekufa, alipima nini?

Na wewe msomaji, siku ukiambiwa hivyo, uliza. Siyo kwamba mazabodi hazifi, zinakufa sana tu. Lakini iwe ya mwisho kuhukumiwa, baada ya waya, RAM, joto na pawasaplai kusafishwa majina yao, moja baada ya jingine.

Haya, kwa leo niishie hapo. Tukutane tena wiki ijayo panapo majaliwa. Cheza kwa akili!