Kuizunguka Kilifi kwa gari: pa kusimama na pa kupunguza mwendo

Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120, na wasafiri wengi huzimaliza bila kusimama ila kwa mafuta na maembe. Ndiyo maana mgeni aliyekaa Watamu wiki moja anaweza kuijua kaunti hii kuliko mtu aliyezaliwa Ganze. Zipo njia mbili ambazo mkazi anaweza kuzipita, kila moja kwa siku yake, iwe kwa gari lake au kwa matatu iliyokodiwa na chama.

Njia ya kwanza inafuata bahari. Ukishapita Mtwapa, magofu ya Jumba la Mtwana yako ufuoni, nje kidogo ya barabara kuu. Kisha ni mashamba ya mkonge ya Vipingo na mibuyu hadi Mnarani, ambako magofu mengine yanautazama mkono wa bahari wa Kilifi kutoka juu. Kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991, magari yalivuka hapa kwa feri, na wazee bado wanaikumbuka foleni yake. Dereva asisimamishe gari darajani ili apige picha. Maji ni yale yale ukiyatazama kutoka Mnarani, na huko hakuna trela nyuma yako.

Panapostahili saa nyingi zaidi ni Gede. Kabla ya kufika, msitu wa Arabuko-Sokoke unakaa mkono wa kushoto. Una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, na ndio msitu mkubwa zaidi wa aina yake uliobaki katika pwani ya Afrika Mashariki. Vijiji vinauzunguka. Kwa familia inayoishi ukingoni mwake, mti mmoja ni makaa, na makaa ni karo. Huwezi kumwambia mzazi aache shoka bila kumwonyesha karo itatoka wapi.

Hapo ndipo kusimama kwa gari kunapokuwa na maana. Tangu mwaka 1993 mradi wa Kipepeo, ulio kwenye uwanja wa magofu ya Gede, hununua vifukofuko vya vipepeo kutoka kwa wakulima wanaopakana na msitu na kuviuza ng'ambo. Mkulima hupata kipato hicho msitu ukiwa umesimama tu. Nako Mida, ada ya kupita kwenye daraja la mbao lililoning'inizwa kati ya mikoko husaidia kuwalipia karo ya sekondari watoto wa vijiji vinavyouzunguka msitu. Anayepita kwa kasi kuelekea Malindi hawaachii chochote ila vumbi.

Magofu yenyewe yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024. Tafuteni kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, kisha mpite kwenye kasri na msikiti mkuu. Watoto wasipande kuta. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, na hayarudi yakishaanguka.

Mwenye muda aendelee hadi Marafa, kupitia Malindi na daraja la Sabaki, ambako mto unaleta udongo mwekundu kutoka bara na kuumwaga baharini. Bonde la Nyari, ambalo jina lake kwa Kigiriama ni mahali palipobomoka penyewe, linaendelea kumomonyoka kila mvua inaponyesha. Msisimame ukingoni, na mshuke na mwongozaji wa pale pale. Saa kumi jioni kuendelea ndiyo nzuri: joto limepungua na rangi za miamba zimekolea.

Njia ya pili inaiacha bahari. Inaanzia Mazeras, inapita Rabai na Kaloleni kati ya minazi, na kutokea Mavueni karibu na Kilifi. Rabai ndipo Krapf na Rebmann walipoweka kituo chao cha misheni mwaka 1846. Leo pana makumbusho. Upande wa Kaloleni ndiko iliko Kaya Fungo, ambako mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama kuapa dhidi ya Waingereza. Kaya si bustani ya mapumziko. Huingii bila idhini ya wazee, na mavazi na mwenendo ni kama watakavyoagiza.

Barabara hii ina kona nyingi na watoto wa shule pembeni. Katika vituo vya biashara mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Mnazi unaouzwa njiani ni wa abiria, si wa dereva.

Bebeni vitambulisho, kwa kuwa raia hulipa ada ya chini kuliko wageni. Maeneo ya Makumbusho ya Taifa na ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hulipiwa kwa eCitizen, kwa hiyo simu iwe na chaji. Kwenye miradi ya vijiji, ulizeni bei langoni na mchukue risiti.