Spoku Inapogeuka Sindano ya Kufumia

Kwenye miinuko yenye baridi ya Afrika Mashariki, kuanzia Limuru hadi Njombe, wako akina mama waliowafumia watoto sweta bila kununua sindano hata moja. Spoku mbili zilichomolewa kwenye gurudumu lililopinda, zikakatwa, zikanolewa kwenye jiwe au sakafu ya saruji, na kazi ikaanza. Watoto wa shule nao walijifunzia hapohapo, kwa uzi uliofumuliwa kutoka sweta kuukuu.

Wengi huichukulia spoku kuwa kishikizo tu, kitu cha kusukumia siku mpaka ipatikane fedha ya sindano za dukani. Inastahili heshima zaidi ya hiyo, kwa sababu spoku na sindano ya kufumia zina asili moja.

Mji wa Redditch, Uingereza, ulikuwa kwa miaka mingi kitovu cha utengenezaji wa sindano duniani. Katika kitongoji chake cha Hunt End, ukoo wa Townsend ulikuwa na kiwanda cha sindano, na katika miaka ya 1880 kiwanda hicho kikageukia baiskeli na vipuri vyake. Mwaka 1891 kikachukuliwa na Albert Eadie na Robert Walker Smith, na kutoka kwao ikazaliwa Royal Enfield, kampuni ambayo wapenzi wa pikipiki wanaifahamu hadi leo. Kiwanda cha sindano kuwa kiwanda cha baiskeli hakukuwa na ajabu yoyote, kwani malighafi ya sindano ni waya, na mafundi wa hapo walishajua kuukata, kuunyoosha na kuung'arisha.

Waya wenyewe hutengenezwa kwa kuvutwa kupitia tundu jembamba, kisha jembamba zaidi, tena na tena. Kila unapovutwa unakonda, na namba yake inapanda. Uingereza ilipitisha kipimo rasmi cha waya mwaka 1884, na namba za zamani za sindano za kufumia za Kiingereza zinakwenda kwa mtindo huohuo wa kinyumenyume: namba 8 ni milimita 4, namba 14 ni milimita 2. Spoku ya kawaida ya baiskeli nayo ni namba 14, milimita 2 kamili. Kwa hiyo mfumaji aliyeshika spoku ameshika sindano namba 14, hata kama hakuna aliyemwambia.

Na si haba. Baiskeli nzito za zamani za Kiingereza, kama Raleigh, zilikuwa na spoku 32 gurudumu la mbele na 40 la nyuma, kila moja ikikaribia sentimita 30. Gurudumu moja lililotupwa linatosha darasa zima.

Kuitengeneza kunataka subira kuliko nguvu. Upande mmoja wa spoku umepinda. Huo hukatwa kwa koleo, ukapigwa tupa mpaka ncha ichongoke, kisha ukasuguliwa kwa msasa mkali na kumaliziwa na msasa laini. Ncha isiwe kali ya kuchoma kidole wala kupasua uzi. Upande wa pili una hesi, na hesi hunasa nyuzi za sufu vibaya sana. Dawa yake ni kuirudishia nati yake ndogo ya spoku na kuizungushia ukanda mwembamba wa tyubu, hapo panakuwa na kichwa cha kuzuia vitanzi visitoke. Atakayefuma soksi anahitaji spoku nne au tano zenye ncha pande zote mbili, hivyo hesi yote ikatwe. Ufumaji huo wa kuzunguka ni wa zamani: mchoro wa Meister Bertram wa Ujerumani, wa takriban mwaka 1400, unamwonyesha Bikira Maria akifuma vazi kwa sindano nne. Spoku yenye kutu isiguse uzi mweupe kabla haijasafishwa, maana doa la kutu ni gumu kutoka.

Wafumaji wa milima ya Andes nao hutumia spoku, na wengine hukunja ncha yake iwe kijindoana cha kuvutia uzi. Huko Peru, katika kisiwa cha Taquile, kofia hufumwa na wanaume. UNESCO iliutambua ufundi wa nguo wa kisiwa hicho mwaka 2005.

Badala ya spoku, mbavu za mwavuli hazifai sana. Tangu Samuel Fox abuni mbavu zenye mfereji mwaka 1852, nyingi zimekuwa na kingo mbili zinazokwaruza uzi.

Uzi mnene hauelewani na spoku. Ukilazimishwa, kitambaa kinakuwa kigumu na kizito. Hapo mianzi ndiyo jibu. Vijiti vya mishikaki vikichaguliwa vilivyonyooka, vikapigwa msasa na kupakwa nta, vinakuwa sindano nyepesi, na kwa kuwa havitelezi kama chuma, mwanafunzi hadondoshi vitanzi ovyo. Kwa unene mkubwa zaidi huchongwa ufito wa mwanzi au mti mgumu. Seremala mwenye drili anaweza kutoboa ubao kwa biti ya milimita 4, na kijiti kikisuguliwa mpaka kipite tunduni bila kulegea, kipimo kimepatikana.

Kipimo hicho hakipuuzwi. Kabla ya kuanza sweta hufumwa kipande kidogo cha majaribio na kuhesabiwa vitanzi ndani ya sentimita 10. Tuseme kitabu cha mitindo kinadai vitanzi 22, na kifua cha mbele ni sentimita 30: vinaanzwa vitanzi 66. Ikiwa mkono wa mfumaji kwa spoku unatoa vitanzi 30, vilevile 66 vitampa sentimita 22 tu, na mtoto hataingia. Anapaswa kuanza na 90.