Somo la kura lisiishie kwenye debe

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia nchini Kenya, wakufunzi wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) huonekana sokoni, kwenye mabaraza ya machifu, makanisani na misikitini, wamebeba vielelezo vya karatasi za kura. Karatasi zenyewe ni sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wadi, kila moja na rangi yake. Mwananchi huambiwa aweke alama mara moja tu, asiandike jina lake, akunje karatasi na kuitumbukiza katika debe lenye kifuniko cha rangi hiyo hiyo. Somo hili ni la lazima. Anayekabidhiwa karatasi sita kwa mpigo, huku foleni ikimsubiri nyuma, anastahili kuwa amekwisha kuziona.

Lakini hesabu za Agosti 9, 2022 zinadai somo jingine. Kura za urais zilizokataliwa zilikuwa 113,614. Waliojiandikisha wasijitokeze walizidi milioni 7.7. William Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141, kwa hivyo waliobaki nyumbani walikuwa wengi kuliko waliomchagua rais. Hata tukitoa majina ya marehemu yaliyosalia katika sajili, pengo hilo ni la kutisha. Agosti 2017 waliopiga kura walikaribia asilimia 80. Miaka mitano baadaye walikuwa kama asilimia 65. Kuweka alama hakusahauliki katika miaka mitano. Kilichopungua ni imani, na vielelezo vya karatasi za rangi haviwezi kuirudisha.

Wazee wana sababu zao za kutia shaka. Katika mlolongo wa 1988, wapiga kura walipanga foleni hadharani nyuma ya wagombea wao, na zipo sehemu ambako mwenye foleni fupi ndiye aliyetangazwa mshindi. Kijana wa leo hakuyashuhudia hayo, ila ameyasikia nyumbani, na amekua akiona kila matokeo ya urais yakipingwa.

Mtu wa aina hiyo anataka kujua kura yake inaenda wapi ikishaingia debeni. Jibu lipo, na ni zuri kuliko wengi wanavyodhani. Katika chaguzi za 2017 na 2022, kituo kimoja hakikuzidi wapiga kura 700. Kura huhesabiwa papo hapo mbele ya mawakala wa vyama, matokeo ya urais yakaandikwa katika Fomu 34A, mawakala wakatia saini, na nakala ikabandikwa kituoni watu waisome. Juni 2017, katika kesi ya mtetezi wa haki za binadamu Maina Kiai, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo yaliyotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho. Makao makuu ya IEBC jijini Nairobi hayana ruhusa ya kuyabadilisha. Septemba 1 mwaka huo Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa urais, na mojawapo ya sababu ilikuwa kasoro katika kupeperusha matokeo. Ndipo 2022 IEBC ikaweka Fomu 34A kwenye tovuti yake, ambapo mwenye simu na intaneti aliweza kuipata fomu ya kituo chake na kuilinganisha na ile iliyobandikwa mlangoni.

Hapa ndipo pangekuwa kiini cha elimu ya mpiga kura. Mfundishe mama muuza mboga na mwendesha bodaboda kuisoma Fomu 34A: waliojiandikisha ni wangapi, kura halali ngapi, zilizokataliwa ngapi, nani ametia saini. Anayejua kuisoma fomu hiyo hadanganyiki kwa urahisi, si na mwanasiasa aliyeshinda wala na aliyeshindwa.

Na asidhani mtu kwamba vijana hawapendi mambo mazito. Mwaka 2022 wenye umri wa miaka 18 hadi 34 hawakufika asilimia 40 ya sajili, na idadi yao ilishuka ikilinganishwa na 2017. Lakini Juni 2024 vijana waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwa Kiswahili, Sheng na lugha za mama kwenye TikTok na X, kisha wakajaa barabarani kuupinga. Wengine hawakurudi nyumbani. Rais alikataa kuutia saini. Kwangu mimi, hiyo ilikuwa elimu ya uraia kubwa kuliko yoyote iliyowahi kulipiwa posho.

Kifungu cha 88 cha Katiba kinaipa IEBC kazi ya kuelimisha wapiga kura, na hakisemi kazi hiyo ifanywe katika wiki chache za kampeni. Maeneo bunge ni 290, wadi 1,450. Usajili ulirejea Septemba 2025, na uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Tume na iwaite vijana hao sasa, iwakabidhi Fomu 34A halisi za 2022 za vituo vya kwao, na iwaache wazieleze kwa lugha yao, wadi kwa wadi, pamoja na maswali magumu watakayoulizwa.