Usukani wa juu kwa pikipiki ya Lupiro

Usukani wa juu haukubuniwa peke yake. Kwenye pikipiki nzito za Marekani, kama Harley-Davidson, kiti kiko chini na miguu hukanyaga mbele. Aliyekaa hivyo akipewa usukani mfupi atalazimika kuinama, kwa hiyo usukani hupandishwa na kurudishwa nyuma umfuate alipo. Kiti, mahali pa kukanyaga na usukani hutegemeana. Bodaboda wa Lupiro anayefunga usukani wa namna hiyo kwenye Boxer au TVS yake huchukua kimoja na kuviacha viwili. Kiti chake kiko juu, nyayo ziko karibu chini ya nyonga, na usukani wa kiwandani tayari unamkalisha wima.

Hoja yangu kubwa dhidi ya usukani huo ni mzigo. Tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe mwaka 2018, safari ya Ifakara kwenda Lupiro haingojei tena kivuko, na wakati wa mavuno pikipiki hutoka mashambani na magunia ya mpunga kwenye karia, kama si abiria wa mshikaki. Mzigo uliokaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma hupunguza uzito wa mbele. Usukani uliorudishwa nyuma humsogeza na dereva nyuma, na mbele kunazidi kuwa kwepesi. Gurudumu lisilokandamizwa vya kutosha haling'ati njia, na kwenye udongo wa mbuga ulionyeshewa, dereva hukata kona huku pikipiki ikienda moja kwa moja. Tena mikono iliyoinuka kupita mabega huchoka upesi, ndipo dereva anaanza kuning'inia kwenye usukani aliopaswa kuuongoza.

Atakayepinga atauliza: mbona pikipiki za mashindano ya matopeni zina usukani wa juu? Ni kweli, kwa sababu wapandaji wake husimama muda mrefu. Lakini usukani huo ni mpana, umekaa mbele, na pikipiki hizo hazibebi gunia nyuma. Upana ndio unaorahisisha kugeuza gurudumu kwenye tope; kimo peke yake hakiongezi nguvu hiyo. Dereva mrefu anayesimama kila anapovuka dimbwi ana haki ya kuongeza sentimita chache, na hapo sina ubishi naye. Anayelalamikia mgongo, kwanza alegeze vibano na kuuzungusha usukani alionao kidogo kidogo mpaka viwiko vikunjike bila mabega kupanda. Kazi hiyo haihitaji kununua chochote.

Akiona bado lazima abadilishe, apime unene. Pikipiki ndogo nyingi hutumia bomba la milimita 22, za Marekani mara nyingi milimita 25.4, na kulazimisha bomba lisilolingana na kibano ni hatari. Kadiri usukani unavyokwenda juu ndivyo mkono unavyopata nguvu ya kuuzungusha ndani ya vibano, kwa hiyo navyo vikaguliwe. Kisha kuna waya wa klachi, wa mafuta na wa breki ya mbele, zote zilizokatwa kwa kimo cha kiwandani. Injini ikiunguruma taratibu, usukani ukatwe mpaka mwisho kushoto, halafu kulia. Muungurumo ukipanda upande wowote, waya wa mafuta unavutwa, na pikipiki hiyo isitoke kwa fundi kabla haujabadilishwa.