Muziki wa Njia ya Msalaba

Siku ya Dominika, Kasongo na Kabambare, ngoma hulia kanisani na watu huimba wakipiga makofi. Zamani haikuwa hivyo. Misa iliimbwa kwa Kilatini, na ngoma ilingoja nje. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema kwamba muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima yake. Mwaka 1988 Roma ikakubali kitabu cha Misa cha majimbo ya Zaire, ndiyo Kongo ya leo.

Mwaka ule ule wa 1988, mtu wa Uganda, nchi jirani ya Kongo, alitunga muziki akauita kwa Kiganda Mu Kkubo Ery'Omusaalaba. Ajuaye Kiswahili hahitaji mkalimani sana: maana yake ni Katika Njia ya Msalaba. Mtungaji huyo ni Justinian Tamusuza, aliyezaliwa mwaka 1951.

Tangu utoto Tamusuza alijifunza kuimba kwa desturi ya Waganda, kupiga ngoma, na kupiga endingidi. Endingidi ni zeze la uzi mmoja, nalo hulia kwa kusuguliwa na upinde mdogo. Mambo hayo hayafundishwi kwa kitabu. Mtoto hutazama, husikiliza, kisha hujaribu. Baadaye Padri Anthony Okelo alimfundisha kutunga. Tena alisoma Belfast, katika Ireland ya Kaskazini, kwa mtungaji Kevin Volans wa Afrika Kusini, na mwisho akapata udaktari wa muziki katika Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, Marekani. Basi alikuwa na elimu mbili: moja ya masikio, moja ya karatasi.

Kuziunganisha si kazi ndogo. Waganda wana marimba yaitwayo amadinda, mbao 12 zilizolazwa juu ya mashina mawili ya migomba. Hupigwa na watu watatu. Wawili huketi wakitazamana. Mmoja hupiga, na mwenzake hupiga katikati ya mapigo yake, upesi, bila kugongana. Wa tatu hupiga mbao mbili za mwisho tu, zenye sauti ya juu. Jaribuni darasani. Petro agonge meza kwa mwendo mmoja: po, po, po. Yohana agonge katikati ya kila po mbili. Kwanza watakosana, halafu watacheka. Lakini wapigaji hodari wakipatana, msikilizaji husikia wimbo ambao hapana mmoja kati yao anayeupiga peke yake.

Katika Njia ya Msalaba Tamusuza hakutumia amadinda wala ngoma. Aliwaandikia watu wanne wenye vyombo vya Ulaya: violini mbili, viola moja na selo moja. Vyombo hivyo kwa kawaida husuguliwa kwa upinde kama endingidi, lakini yeye alitaka pia nyuzi zidonolewe kwa vidole. Vipande vifupi hurudiwa tena na tena, hubadilika kidogo, na sauti ya mmoja huingia katika nafasi iliyoachwa na mwingine, kama wapigaji wa amadinda.

Wapigaji wanne wa San Francisco, waitwao Kronos Quartet, walizisoma noti zake. Waliipiga sehemu ya kwanza, Ekitundu Ekisooka, katika sahani yao Pieces of Africa ya mwaka 1992. Sahani hiyo ilishika nafasi ya kwanza Marekani katika orodha mbili kwa wakati mmoja, ile ya muziki wa kale wa Ulaya na ile ya muziki wa mataifa.

Hata hivyo noti hazichukui yote. Ngazi ya sauti ya Waganda ina sauti tano, wala hazilingani sawasawa na zile za piano. Karatasi huonyesha mahali karibu tu, na sikio humaliza kazi. Kwa hiyo mwalimu bado anahitajiwa, naye Tamusuza alikuwa mwalimu. Alirudi Uganda akafundisha muziki katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala.